Meli ina abiria 3,000, mkutano wetu una watu watatu. Wengine wako wapi?

#1 Kasia_Mbili (mleta uzi)
Salamu wakuu. Naweka dai, mlipondeponde mtakavyo.

Meli za kitalii za kawaida (siongelei zile zinazokodiwa nzima na kampuni za mashoga) huwa na mkutano wa LGBTQ kwenye ratiba ya siku. Umebanwa kwa herufi ndogo katikati ya bingo na mnada wa picha, saa 11 jioni, baa fulani, deki fulani. Anayeingia anakuta watu watatu, mmoja wao amepotea njia akitafuta choo. Meli yenye abiria 3,000 haiwezi kuwa na mashoga watatu, hesabu haikubali.

Dai langu: mkutano wa melini ni kupoteza jioni. Anayetaka kukutana na wenzake aipange bandari vizuri, atawapata huko. Chukueni njia ya siku 10 kama Barcelona, Civitavecchia, Santorini, Mykonos, Kuşadası. Kila kituo meli inakaa muda wa saa nane hadi kumi. Nionesheni kama nakosea, na mwenye mpango wa bandari aumwage hapa.

#2 DiraKaskazini
Tatizo ni saa, basi. Saa 11 jioni ndipo watu wanarudi kutoka bandarini na mchanga miguuni, wako bafuni. Saa 11:30 zamu ya kwanza ya chakula inafunguliwa. Mkutano umewekwa kwenye dakika 30 ambazo hakuna mtu mwenye nafasi. Ungekuwa saa 2:30 usiku, kati ya chakula na onyesho, baa ingejaa.

#3 Shela_la_Tanga
#2, saa ni sehemu tu. Kuna meli zinazouweka saa 3 usiku na bado patupu. Kinachoua mkutano ni kukosa mwenyeji. Kuna wenye mwenyeji na kuna wasio naye, na ratiba haikwambii ni upi. Usio na mwenyeji maana yake meli imetenga kona ya baa na kuandika mstari mmoja. Hakuna kibao mezani wala mtu wa kusema karibuni. Baa yenyewe ina wateja wake wa kawaida. Basi mtu anaingia, anatupa jicho, haoni dalili, anazunguka baa mara moja kana kwamba anatafuta mtu, anazunguka ya pili, anaondoka. Kaa pembeni uhesabu: watu kumi na wawili wanaweza kupita kwa nusu saa na wasikutane hata wawili.

Tiba yake:
Siku ya kupanda, kabla foleni haijawa ndefu, nenda meza ya huduma kwa wageni. Uliza mambo matatu: mkutano una mwenyeji? Uko kila jioni au mara mbili tu? Nani anapanga ratiba ya kesho? Ratiba ya kesho hufungwa mapema leo, kwa hiyo ukienda jioni umechelewa siku nzima. Omba kibao mezani. Omba kona moja ileile kila siku, kwa sababu wa siku ya kwanza waliozunguka wakaondoka watarudi siku ya tatu wakijua pa kuangalia. Na wewe mwenyewe fika dakika kumi kabla, kaa ukitazama mlango, na atakayezunguka mara ya pili mwite. Huyo ndiye.

#4 PwezaMwoga
"Atakayezunguka mara ya pili mwite." Nimeondoka na hiyo, asante dada. 😂

#5 Nanga_Juu
Mmesahau jina. Kwa miaka mingi mkutano uliandikwa "Friends of Dorothy", na bado kuna meli zinaandika hivyo. Kijana wa miaka 25 akiliona anadhani ni kundi la mama mmoja anaitwa Dorothy na rafiki zake wa kanisani. Hapo ndipo watu wanapotelea. Jina lilitoka kwa Judy Garland, aliyeigiza Dorothy katika The Wizard of Oz ya 1939. Wazee wanalijua, vijana hawana habari nalo.

#6 Mkutubi_wa_Meli
#5, asili hiyo ndiyo inayosemwa zaidi, ila wapo wanaoshikilia kuwa Dorothy ni Dorothy Parker, mwandishi wa New York aliyekuwa na marafiki wengi mashoga. Hakuna aliyemaliza ubishi. Lenye uhakika ni matumizi: enzi ambazo ushoga ulikuwa kosa, mtu aliuliza "wewe ni rafiki wa Dorothy?" na asiyehusika hakuelewa kitu. Lilifanya kazi kwa sababu lilificha. Sasa tunalilaumu kwa kuficha.

#7 DiraKaskazini
Na usichanganye na "Friends of Bill W." kwenye ratiba hiyohiyo. Hao ni walioacha pombe, jina la mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous. Ukiingia na glasi mbili za mvinyo ukitafuta mchumba utajieleza.

#8 MzeeWaGati
Nyote mnazungukazunguka tu. Mkutano ni mtupu kwa sababu watu wameshakutana kabla ya meli kung'oa nanga. Kila safari ina uzi wake wa majina mtandaoni, kwenye tovuti ya Cruise Critic au makundi ya Facebook, unaofunguliwa hata mwaka mmoja kabla. Ndani yake kuna kikundi cha wetu. Wakipanda wana meza yao, wana gari lao la bandarini, mkutano rasmi wa nini tena?

Namna ya kuingia. Tafuta jina la meli pamoja na tarehe ya kuondoka, si jina la meli peke yake, maana meli moja ina safari nyingi kwa mwaka. Kama kikundi cha LGBTQ hakipo, fungua miezi sita kabla. Mapema zaidi kinalala, na ukingoja mwezi wa mwisho watu wameshanunua ziara zao. Kifanye cha kufungwa, na kanuni ya kwanza iwe hakuna kupiga picha ya skrini. Siku ya pili pendekeza jambo moja lenye saa na mahali: "meli inapoondoka, baa ya nyuma, deki ya bwawa, upande wa kushoto". Ukiandika "tutaonana melini" hamtaonana. Meli ina urefu wa mita 300.

Kisha bandari. Gari la watu 8 hukodiwa kwa bei ya gari, si ya kichwa. Wawili wakilichukua ni ghali, wanane ni nafuu kuliko ziara ya meli. Kosa la kawaida ni mmoja kulipia wote halafu watatu wanaghairi asubuhi. Kila mtu alipe sehemu yake siku anayosema ndiyo.

#9 Kasia_Mbili
#8, mzee hapo unanipa ushindi. Umesema watu wanakutana nje ya mkutano.

#10 MzeeWaGati
Nimesema wanakutana mtandaoni. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

#11 Reli_na_Bahari
Haya tuje bandarini. Barcelona, kama meli inapita tu (si unapopandia), jibu la wengi ni Sitges, mji wa pwani wenye mashoga wengi tangu zamani. Hesabu yake:

Meli imefunga gati saa 2 asubuhi, ondoka saa 2:45 msongamano wa ngazi ukipungua. Kutoka gati la Moll Adossat basi la bandari hadi sanamu ya Columbus. Hapo metro ya Drassanes, njia ya kijani L3, hadi Sants Estació. Treni ya R2 Sud hadi Sitges, dakika 35 hadi 40. Weka saa moja na dakika 45 jumla, kwa kuwa kuna kungoja mara tatu. Saa 4:30 uko mjini. Ufukwe wa Bassa Rodona uko mbele ya mji, hutembei sana. Balmins uko upande wa pili wa kanisa, na huko watu wako uchi, kwa hiyo asiyetaka asishangae.

Kurudi hesabu kinyumenyume. Meli inaondoka saa 12 jioni, wote ndani saa 11:30. Toa nusu saa ya foleni na ukaguzi, toa saa moja na dakika 45 ya njia, kisha toa treni moja nzima uliyoikosa, nusu saa. Ondoka Sitges saa 8:45 mchana. Umebaki na saa nne na robo ufukweni. Watu wakipiga hesabu hawaitoi ile treni iliyokoswa, na ndiyo inayowaacha.

#12 PwezaMwoga
Saa nne na robo za jua zinatosha kugeuka kamba wa kuchemsha.

#13 SitahaNamba11
Hesabu ni safi, #11, lakini unawapeleka wapi? Baa za Sitges, ikiwemo ile barabara ya Primer de Maig wanayoiita ya dhambi, zinachangamka usiku. Mchana ni ufukwe tu. Hili ndilo tundu katika dai la mleta uzi. Meli nyingi ziko bandarini mchana, na mitaa ya mashoga dunia nzima inaamka usiku. Nenda Gran Canaria uone. Meli inafunga Las Palmas, unachukua basi namba 30 kutoka Santa Catalina hadi Maspalomas, karibu saa nzima, unafika Yumbo Centrum yenye baa nyingi kupita maelezo, na saa 6 mchana ni maduka ya manukato na viti vimegeuzwa juu ya meza. Waliopo wako ufukweni, kwenye vilima vya mchanga. Usiku Yumbo inawaka, na wewe uko baharini unakula supu.

Ukichagua safari, kabla ya kutazama majina ya bandari tazama saa za kuondoka. Safu ya kulia ya jedwali ndiyo inayoamua. Bandari yenye kulala usiku mmoja ina thamani ya nne za mchana.

#14 Reli_na_Bahari
Nakubali kuhusu baa. Ila ufukwe ndipo watu wanazungumza. Baa za usiku zina kelele.

#15 Upepo_wa_Meltemi
Mykonos na Santorini, kwa mpangilio.

Mykonos: meli inayofunga gati inafunga Tourlos, bandari mpya, kilomita kama mbili na nusu kutoka mjini. Kuna boti ya abiria, SeaBus, kati ya bandari mpya na ya zamani. Usitembee, barabara ni nyembamba haina njia ya miguu. Fukwe za wetu ni Elia na Super Paradise. Mji una vituo viwili vya basi, Fabrika na cha bandari ya zamani, na basi la Elia linatoka cha bandari ya zamani. Watu wanakwenda Fabrika kwa mazoea, wanapoteza dakika 40. Elia ukishuka geuka kulia, uendelee hadi mwisho. Na Julai hadi Agosti kuna meltemi, upepo wa kaskazini. Meli isiyo na nafasi gatini inabidi itumie boti za kushushia, na upepo ukizidi nahodha anafuta kituo chote. Usilipie kitanda cha ufukweni kisichorudishwa pesa.

Santorini: hakuna gati. Boti zinakushusha chini ya jabali, na juu unapanda kwa lifti ya waya, punda, au ngazi zaidi ya 580. Wenye ziara ya meli hushushwa kwanza, kwa hiyo wanakutangulia kwenye foleni ya lifti.

#16 Shela_la_Tanga
Sahihisho dogo la mwisho hapo. Wenye ziara ya meli kwa kawaida hushushwa Athinios, bandari nyingine ya chini yenye barabara, wanapanda kwa basi. Foleni ya lifti ya asubuhi si yao. Wanakutana nawe kwenye lifti ya kushuka, alasiri, na hapo ndipo penye balaa. Lifti ina vibanda sita vya watu sita, yaani watu 36 kwa mkupuo, na meli nne zinataka kushuka saa ileile. Ikibaki saa mbili kabla ya boti ya mwisho uwe umeshasimama kwenye foleni. Ngazi ni njia ya kushuka kama magoti yanaruhusu, ila zinateleza kwa kinyesi cha punda. Usivae viatu vya wazi vya kamba.

#17 Upepo_wa_Meltemi
Nimekubali, asante.

#18 SaaYaMeli
Hamjagusa saa. Simu inabadilika yenyewe ikishika mtandao wa nchi kavu, meli haibadiliki mpaka nahodha aseme. Ikitangulia simu hakuna ubaya, utawahi. Ikichelewa ndipo unapoachwa. Mfano ulio wazi ni Cozumel: iko UTC-5 mwaka mzima tangu 2015, na meli iliyotoka Miami wakati wa kiangazi iko UTC-4. Simu inasema saa 10, melini ni saa 11. Vaa saa ya mkono isiyo na akili, iweke kwa saa ya meli, na kwenye simu zima mabadiliko ya saa ya kujiendesha.

Mwisho wa ratiba ya siku kuna jina na simu ya wakala wa bandari. Piga picha ukurasa huo kabla ya kushuka. Ukichelewa, wahudumu wakiona hujarudi hufungua sanduku la chumba na kumwachia wakala pasipoti yako. Bila namba yake utazunguka bandari nzima. Ziara ya meli ikichelewa meli inangoja au kampuni inakusafirisha. Gari la watu 8 la mzee (#8) likichelewa ni shauri lenu wanane.

#19 Mkutubi_wa_Meli
Kuşadası mmeiruka. Uturuki haina sheria inayofanya ushoga kuwa kosa, ila Septemba 2000 polisi wa Kuşadası waliwarudisha melini mamia ya abiria wa safari ya mashoga. Serikali iliomba radhi baadaye. 1998 Visiwa vya Cayman vilikataa meli yenye abiria wapatao 900. 2012 kituo cha Casablanca kilifutwa kwenye safari nyingine. Zote tatu zilikuwa safari za kukodi meli nzima. Anayekwenda na meli ya kawaida hajulikani na mtu gatini, anashuka kama mtalii yeyote. Hii ni faida ya kuwa watatu kwenye baa, mleta uzi. 😄

#20 Nanga_Juu
Na ukiwa melini uko salama, sheria ya nchi haikufikii. Bahari haina mwenyewe.

#21 Mkutubi_wa_Meli
La hasha. Bahari kuu inatawaliwa na sheria ya bendera ya meli: Bahamas, Malta, Panama, Bermuda. Ndiyo maana ndoa ya kwanza halali ya jinsia moja kwenye meli kubwa ya kitalii, Januari 2018, ilifungwa kwenye meli yenye bendera ya Malta, nchi iliyohalalisha ndoa hizo 2017. Meli ya bendera ya Bahamas haiwezi kuifunga. Ukiingia maili 12 za pwani, sheria ya nchi inakufuata, na gatini polisi wanaweza kupanda. Machi 2012 wanaume wawili walikamatwa Dominica wakiwa melini, walionekana kutoka gatini wakiwa barazani kwa chumba chao. Walitozwa faini kwa kosa la utovu wa adabu hadharani. Baraza la chumba likitazama gati ni hadharani.

#22 Shela_la_Tanga
Na ramani ya Karibea imebadilika, msitumie orodha za zamani. Antigua na Barbuda, Saint Kitts na Nevis, na Barbados mahakama zilifuta sheria za kuharamisha ushoga 2022. Dominica Aprili 2024, Saint Lucia Julai 2025. Trinidad na Tobago ilifuta 2018, halafu Machi 2025 mahakama ya rufaa ikairudisha. Jamaika, Grenada, na Saint Vincent sheria hizo bado zipo. Kufutwa kwa sheria hakujabadilisha macho ya mtaani, ila kunabadilisha atakachokufanyia polisi.

#23 Mkoba_Mmoja
Bahari ya Hindi pia kuna safari: Ushelisheli ilifuta 2016, Mauritius mahakama ilifuta Oktoba 2023, Réunion ni Ufaransa. Lakini njia hizohizo zinapita Mombasa na Zanzibar. Kenya kifungu cha 162 kinafika miaka 14 jela na mahakama kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Tanzania bara kifungu cha 154 ni miaka 30 hadi maisha, na Zanzibar ina sheria yake nayo inakataza. Siku hiyo apu ya kutafuta wachumba inafutwa kwenye simu kabla ya kushuka, si kuifunga tu. Shuka, tembea, kula, rudi.

#24 Antena
Kuhusu apu, kuna jambo la kiufundi ambalo nadhani linaelezea nusu ya "watu watatu" wa mleta uzi. Melini apu inaonekana tupu kuliko ukweli. Chumba cha ndani ni sanduku la chuma, GPS haiingii. Simu ikikosa GPS inakisia mahali kwa mtandao, na intaneti ya satelaiti inatokea nchi kavu kwenye mji usiohusiana na meli. Wewe uko karibu na Ugiriki, apu inakuweka mji mwingine kabisa, na jirani wa chumba cha pili haoni kitu. Panda deki ya wazi, ngoja dakika mbili tatu, fungua ramani kwanza mpaka nukta itulie baharini, ndipo ufungue apu. Ghafla watu wanatokea.

Simu iwe hali ya ndegeni muda wote ukiwa melini, washa waifai peke yake. Minara ya simu ya meli inatoza bei ya kukufilisi. Na zima umbali kwenye wasifu, maana ukiwa melini "mita 12" ni mlango fulani.

Kwenye bandari zenye kesi, Misri hasa, mitego ya polisi kupitia apu inajulikana. Anayekuuliza haraka "uko wapi, njoo" usimjibu.

#25 DiraKaskazini
Kwa hiyo sasa tuna saa, mwenyeji, jina, uzi wa mtandaoni, na chuma. Nani anaongeza?

#26 Dada_Mlingoti
Naongeza. Mnaposema "wetu" mnawaza wanaume. Wanawake hawaji kwenye mkutano ule kwa sababu wakiingia wanakuta wanaume sita wanazungumza juu ya Mykonos. Kampuni ya Olivia imekuwa ikikodi meli nzima kwa ajili ya wanawake tangu 1990, na ipo kwa sababu hiyo. Kwenye meli za kawaida, omba mistari miwili kwenye ratiba, siku tofauti. Na kwenye bandari mlizotaja wanawake hatuna ufukwe wenye jina. Kinachofanya kazi ni shughuli ya watu wachache yenye kazi ya mikono: kayaki, kupika, kupiga mbizi. Watu 10, saa tatu, mnaongea lazima.

#27 Shela_la_Tanga
Naunga mkono kila neno.

#28 PwezaMwoga
Swali la kijinga: nikibandika nanasi mlangoni wataelewa?

#29 SitahaNamba11
Nanasi la kichwa chini wataelewa sana, lakini watakaogonga ni wanandoa wanaobadilishana wenza. 🍍 Weka sumaku ya upinde wa mvua. Milango mingi ya vyumba ni chuma, sumaku inashika, ila gundi na tepu nyingi zimekatazwa. Kampuni kadhaa zinazuia mapambo ya milangoni, soma masharti. Na ukiwa unaelekea nchi za #23, itoe kabla ya wakaguzi kupanda.

#30 Mkoba_Mmoja
Dawa, kwa kifupi, kabla uzi haujaishia kwenye nanasi.
PrEP (dawa ya kujikinga na VVU kabla ya tendo) iwe mkoba wa mkononi. Sanduku kubwa huletwa chumbani jioni na mara nyingine hupotea siku nzima. Chupa yake ya asili yenye jina lako, na vidonge vya ziada vya siku tano. Mwanaume anayetumia mtindo wa 2-1-1: vidonge viwili muda wa saa 2 hadi 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya dozi ya kwanza, kimoja saa 24 baadaye. Hesabu hiyo ifuate saa 24 kamili zilizopita. Meli ikirudisha saa nyuma usiku wewe usirudishe. PEP (dawa ya kuzuia VVU baada ya tendo la hatari) lazima ianze ndani ya saa 72, na siku mbili za bahari mfululizo zinakula saa 48. Uliza kliniki ya meli usiku uleule, na kama hawana, wakala wa bandari inayofuata atafute hospitali kabla hamjafika.

#31 Baharia_Mstaafu
Nimesoma kimya. Moja tu: msiwahesabu wahudumu. Wapo wetu wengi, wanatabasamu, wanakumbuka jina lako. Kanuni ya kazi inawakataza kuingia chumba cha abiria kwa mapenzi, na adhabu yake ni kushushwa bandari inayofuata bila kazi. Msiwaandikie kwenye apu. Mhudumu akikutana nawe mjini na kukwambia baa ipi nzuri, mshukuru uende zako.

Kuhusu swali la uzi: mkutano huwekwa kwenye baa ambayo saa hiyo haina wateja. Meneja wa vinywaji anajaza pengo. Mnatafuta sababu za ndani sana.

#32 Nanga_Juu
Hiyo mpya. Na baa isiyo na wateja saa 11 huwa ya kule juu yenye vioo pande zote, kila anayepita anaona nani kakaa ndani. Anayesafiri na wazazi au wafanyakazi wenzake hakai hapo hata umlipe. Mimi nasema ni vioo.

#33 DiraKaskazini
Ulisema ni jina.

#34 Nanga_Juu
Jina na vioo.

#35 MzeeWaGati
Bado nasema wako kwenye uzi wao wa mtandaoni, wamekaa baa ya nyuma, kushoto.

#36 Kasia_Mbili
Dai langu limetobolewa na #13, nakiri. Mchana wa bandarini hauna baa. Nabaki na ufukwe na kayaki. Lakini hamjanieleza kwa nini mmoja anasema saa, mwingine vioo, mwingine chuma, na wote mna ushahidi.

Mwenye jedwali la Mykonos lenye meli inayoondoka saa 5 usiku aliweke hapa.

#37 Upepo_wa_Meltemi
Zipo za mchana mpaka usiku, nitatafuta. Kama ni boti za kushushia, uliza boti ya mwisho ni saa ngapi, usiulize meli inaondoka saa ngapi.

#38 PwezaMwoga
Nimepata ratiba ya siku ya kwanza ya safari ya mwezi ujao. LGBTQ, saa 11 jioni, deki ya 14. Mstari wa juu yake, saa 11 hiyohiyo: onyesho la kuchonga nanasi.